Kufuga Simbilisi Mahali Pasipo na Duka la Vifaa Vyake

Mlaji wa Ngonga, wilayani Kyela, akihitaji chakula cha kuku hukipata. Akihitaji dawa ya kuogeshea ng'ombe, ataipata Kyela mjini, na akiikosa huko ataagiza Mbeya. Lakini akiingia katika duka la pembejeo na kuulizia chakula cha simbilisi, mara nyingi jibu atakalopewa ni swali: "Simbilisi? Wa kufuga ndani?" Kisha, kwa nia njema au kwa tamaa ya kuuza, atapewa kitu kingine.

Somo hili linahusu hicho kitu kingine. Tunakusudia kuonyesha kwamba mfugaji wa simbilisi katika mwambao huu wa Ziwa Nyasa haponzwi na kukosa bidhaa maalumu. Mengi anayoyahitaji yanaota uani kwake au yanauzwa gulioni. Kinachomponza ni bidhaa mbadala: chakula, dawa au kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya mnyama mwingine, kikauzwa kana kwamba wanyama wote wadogo ni wamoja.

Mfano wa kuanzia

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja wa Ngonga anamnunulia mwanawe wa darasa la tano simbilisi wawili. Muuzaji anamhakikishia kwamba wote ni majike. Mama anakwenda dukani kutafuta chakula chao, naye mwenye duka anamwambia, "Mama, wanyama wadogo wote hula hiki," akampimia kilo mbili za chakula cha vifaranga. Nyumbani wanaongeza pumba za mpunga. Majani hawawapi, kwa kuwa wameambiwa chakula cha dukani kinatosha.

Wiki ya tatu mmoja anaanza kuchechemea, na manyoya yake yanasimama. Mtoto anasema mnyama analia akiguswa miguu. Mama anarudi dukani, anauziwa kapsuli za rangi mbili, anaambiwa azimimine kwenye maji ya kunywa. Baada ya siku chache wanyama wote wawili wanaharisha na kufa. Mama ametoa fedha mara tatu: kwa wanyama, kwa chakula na kwa dawa. Mtoto amezika wanyama wake nyuma ya nyumba, chini ya mpera uliojaa matunda.

Tutarudi kwenye mpera huo.

Simbilisi ni mnyama wa namna gani

Simbilisi si panya, wala si sungura, wala si pimbi wa mawe. Asili yake ni nyanda za juu za milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ambako watu wa Peru na nchi jirani wamemfuga kwa maelfu ya miaka. Hapa kwetu si mgeni kabisa. Katika Nyanda za Juu Kusini, hasa mkoani Iringa, kaya nyingi humfuga kwa ajili ya kitoweo, na mara nyingi watoto ndio wanaomkatia majani. Mashariki ya Kongo, katika mkoa wa Kivu Kusini, hufugwa vivyo hivyo. Anayemfuga kwa mapenzi tu, kama rafiki wa mtoto, anaweza kujifunza mengi kwa wafugaji hao, maana wamemlea kwa vizazi bila duka la vifaa vyake.

Mambo manne kuhusu mwili wake yanaeleza karibu kila ushauri uliomo katika somo hili. Kwanza, mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, kama usivyoweza mwili wa binadamu. Lazima aipate kila siku katika chakula. Pili, meno yake hukua maisha yote, na husagwa kwa kutafuna nyasi. Tatu, tumbo lake linategemea vijidudu vyenye manufaa vinavyosaga nyasi. Vikiuawa, naye hufa. Nne, ni mnyama wa nchi ya baridi, na joto kali humwua upesi.

Chakula: anza uani kabla ya kwenda dukani

Sehemu kubwa ya chakula cha simbilisi iwe nyasi, mbichi au kavu, na asikose nyasi mchana wala usiku. Ukoka, mabingobingo machanga na majani ya mahindi yanafaa. Juu ya nyasi, mpe kila siku konzi ya majani laini: matembele, mchunga au kishonanguo kilicho kichanga. Chakula kipya kiongezwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja, kwa sababu badiliko la ghafla huvuruga tumbo.

Mvua za Kyela ni nyingi, hasa kuanzia Machi hadi Mei, na nyasi zilizolowa huota ukungu haraka. Kata nyasi kabla hazijatoa maua, zianike kwenye kichanja penye upepo, kisha zihifadhi juu ya sakafu, mbali na ukuta unaovuja. Nyasi yenye harufu ya uvundo au vumbi la kijivu usimpe, hata kama ndiyo iliyobaki.

Yapo mazao ya hapa hapa ambayo ni hatari kwake. Kyela ni wilaya ya kakao, na maganda ya kakao huonekana kama chakula cha bure. Yana theobromini, kemikali ile ile inayofanya chokoleti kuwa sumu kwa mbwa; usimpe. Usimpe pia majani ya mparachichi, majani ya nyanya, majani ya viazi mviringo, wala kisamvu kibichi. Na popote unapokata majani, uliza kwanza kama shamba limepuliziwa dawa. Majani ya pembezoni mwa mpunga au chini ya mikakao iliyopuliziwa yanaweza kuwa mabichi na mazuri kwa macho, na bado yakaua.

Chakula cha vifaranga kisitumike. Hakina vitamini C ya kumtosha, hakina nyasi za kusaga meno, na baadhi ya aina zake huchanganywa dawa ya kuzuia ugonjwa wa koksidia kwa kipimo cha kuku. Chakula cha sungura ni afadhali, lakini nacho kwa kawaida hakikuongezwa vitamini C. Kikipatikana, kiwe nyongeza ndogo tu. Pumba peke yake si chakula kamili.

Huenda ukashawishika kuagiza chakula maalumu kutoka Dar es Salaam, Nairobi au kupitia mtandaoni. Hilo si kosa, lakini soma tarehe ya kutengenezwa, si ya kuisha muda peke yake. Vitamini C hupungua kadiri chakula kinavyokaa, na zaidi penye joto na unyevu. Mfuko uliokaa miezi mingi ghalani unaweza kuwa na jina zuri na bei kubwa, lakini vitamini iliyokufanya uuagize ikawa imekwisha. Chakula kinachopimwa kutoka kwenye gunia lililofunguliwa, kisicho na lebo, hakikupi hata nafasi ya kujua.

Vitamini C na mpera wa uani

Mwaka 1907, nchini Norway, watafiti Axel Holst na Theodor Frølich waliwalisha simbilisi nafaka bila majani wala matunda. Wanyama wakapatwa na ugonjwa ule ule uliokuwa ukiwaua mabaharia: kiseyeye. Jaribio hilo lilisaidia kufungua njia ya kugunduliwa kwa vitamini C. Mfugaji anayempa simbilisi pumba na chakula cha kuku peke yake analirudia jaribio hilo nyumbani kwake bila kujua.

Dalili huweza kuanza baada ya wiki mbili hivi: kuchechemea, viungo kuvimba, manyoya kusimama, fizi kutoa damu, kidonda kutopona, na kulia akishikwa. Wengi hudhani mnyama ameanguka au amepata maambukizi, wakakimbilia dawa.

Simbilisi mzima mwenye uzito wa kilo moja huhitaji angalau miligramu 10 za vitamini C kwa siku. Mwenye mimba huhitaji hadi 30. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200. Maana yake ni kwamba kipande cha gramu 10, kama ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kina takribani miligramu 20. Hicho kinamtosha mnyama mzima kwa siku nzima. Usizidishe, maana sukari ya matunda huchachusha tumbo. Mapera yasipokuwa na msimu, tumia pilipili hoho au kipande cha chungwa, vyote vibichi, kwa kuwa kupika huharibu vitamini hiyo.

Ukikosa vyote, vidonge vya kawaida vya vitamini C vya binadamu vinaweza kusaidia: robo ya kidonge cha miligramu 100, kilichosagwa na kuwekwa juu ya jani. Usinunue vidonge vya mchanganyiko wa vitamini nyingi, kwa sababu vitamini A na D zikizidi humdhuru. Usitie vitamini C kwenye maji ya kunywa; huharibika upesi, na ladha yake humfanya mnyama akatae maji.

Makazi katika nchi ya joto na mvua

Ngonga iko katika bonde la ziwa, kwenye mwinuko wa takribani mita 500 tu kutoka usawa wa bahari. Joto linapozidi nyuzi 30, simbilisi huanza kuhema, hutoa udenda, hulala kifudifudi, na anaweza kufa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo banda liwe kivulini mchana kutwa, lenye upepo, na kamwe lisiwe chini ya bati lisilo na dari. Ndoo ya plastiki na boksi lililofungwa si makazi.

Huhitaji kununua kizimba cha kigeni. Fundi wa mtaani anaweza kutengeneza banda kwa mabanzi au mianzi na waya wa kuku ubavuni. Wanyama wawili wapate nafasi isiyopungua mita moja kwa nusu mita. Ikizidi hapo ni vizuri zaidi. Sakafu iwe ya mbao, si ya waya, maana waya huchubua nyayo na kuzaa vidonda. Banda liinuliwe kutoka ardhini kwa ajili ya maji ya mvua, na miguu yake isimame ndani ya makopo yenye maji ili siafu wasipande. Usiku lifungwe vizuri dhidi ya paka, vicheche na nyoka.

Kwa matandiko, maranda ya karakana yanafaa, ila mwulize seremala kama mbao zilitiwa dawa. Maganda ya mpunga kutoka mashine ya kukoboa nayo hutumika. Yapepete kwanza, kwani vumbi lake huumiza mapafu. Badilisha palipolowa kila siku.

Kuhusu chombo cha maji, hapa mlaji wa Kyela ana bahati. Vyungu na bakuli za udongo za Wakisi wa Ikombe, zinazouzwa gulioni Lyulilo karibu na Matema, ni bora kuliko vingi vya plastiki. Bakuli ya udongo ni nzito, haipinduki, na huweka maji yakiwa baridi. Chungu kilichovunjika mdomo, kikilazwa ubavu na kusuguliwa kingo zake, huwa pango zuri la mnyama kujificha saa za joto.

Dawa: ununuzi wenye hatari kuliko wote

Penisilini, ampisilini na amoksilini, ambazo huponya binadamu na mifugo mingi, ni hatari kwa simbilisi. Huua vijidudu vyema vya tumboni, vile vibaya vikapata nafasi ya kuzaana na kutoa sumu. Mnyama huharisha na kufa katika siku chache. Sindano zenye mchanganyiko wa penisilini na streptomaisini, zinazojulikana sana kwa wafugaji wa ng'ombe, zimo katika kundi hilo. Katika mfano wetu, simbilisi wa mama yule hawakuwa na maambukizi. Walikosa vitamini, na dawa ikawamaliza.

Ukurutu na upele hutibika, lakini tazama hesabu hii. Sindano ya ivermektini ya asilimia moja hutolewa kwa ng'ombe mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito. Kwa kipimo hicho, simbilisi wa kilo moja angestahili sehemu moja ya hamsini ya mililita, yaani chini ya tone moja. Bomba la sindano la kawaida haliwezi kupima kiasi hicho. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo isitumike kwa kukisia.

Mpeleke mnyama kwa afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo wa wilaya. Mweleze waziwazi kwamba ni simbilisi, uzito wake ni gramu kadhaa, na umekuwa ukimlisha nini. Kwa ajili hiyo mpime kila wiki kwenye mizani ya jikoni au ya duka la nafaka, uandike. Kupungua uzito ndiyo dalili ya kwanza ya magonjwa mengi. Mnyama asiyekula kwa siku nzima ni wa kushughulikiwa siku hiyo, si kesho.

Kumnunua mnyama mwenyewe

Usikubali neno la muuzaji kuhusu jinsia bila kuangalia. Mgeuze mnyama kwa upole. Kwa jike, sehemu ya uzazi hufanana na herufi Y. Kwa dume huonekana kitone cha mviringo, na ukibonyeza taratibu juu yake uume hujitokeza. Kosa hapa lina gharama. Mimba huchukua siku 59 hadi 72, na jike anaweza kushika mimba nyingine ndani ya saa chache baada ya kuzaa. Watoto huzaliwa na manyoya, macho yakiwa wazi, na madume watengwe na mama na dada zao wafikapo wiki tatu. Jike asiyewahi kuzaa kabla ya miezi saba hivi asipandishwe tena, kwa kuwa mifupa ya nyonga hukaza na uzazi huweza kumwua.

Chagua mnyama mwenye macho makavu, pua safi, sehemu ya nyuma isiyo na kinyesi kilichoganda, na anayetembea bila kuchechemea. Uliza alikuwa akila nini, na uombe kiasi cha chakula hicho cha siku chache. Anayetaka kumleta kutoka ng'ambo ya mpaka, kupitia Kasumulu au kwa mtumbwi, afahamu kwamba kuingiza mnyama nchini kunahitaji kibali. Amwone afisa mifugo kabla ya kulipa.

Haki zako

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, ambayo ndiyo msingi wa kazi yetu, inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ukieleza dukani kwamba unataka chakula cha simbilisi, na muuzaji akakuhakikishia kwamba anachokupa kinafaa, maneno hayo si porojo za biashara. Ni maelezo uliyoyategemea ulipotoa fedha zako. Dawa za mifugo nazo husajiliwa na kudhibitiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Dawa isiyo na lebo, au iliyofunguliwa na kupimwa kwenye karatasi, usiipokee. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008, kwa upande wake, inakubebesha wewe mwenye mnyama wajibu wa kumtunza asiteseke.

Dai risiti kila mara, hata kwa kilo moja. Tunza lebo na mabaki ya bidhaa. Likitokea tatizo, anza na muuzaji. Asipokusikiliza, mwone afisa mifugo au afisa biashara wa halmashauri, kisha tuletee malalamiko kwa maandishi pamoja na risiti, lebo na tarehe. Bila vitu hivyo, hata malalamiko ya haki huwa magumu kuyasimamia.

Maswali matano kabla ya kulipa

1. Bidhaa hii ilitengenezwa kwa ajili ya mnyama gani?
2. Lebo yake inasema nini kuhusu viambato, na ilitengenezwa lini?
3. Kama ni dawa, nani amempima mnyama na kuandika kipimo?
4. Je, kitu hiki, au kilicho bora kuliko hiki, kipo uani kwangu au gulioni?
5. Nikipata hasara, nina risiti ya kuonyesha?

Mama wa mfano wetu angeuliza swali la kwanza peke yake, asingenunua chakula cha vifaranga. Angeuliza la nne, mtoto angepanda mpera uliokuwa nyuma ya nyumba, akachuma pera moja, akakata vipande viwili vidogo, na kukatia wanyama wake ukoka kando ya njia. Gharama yake ingekuwa muda wa kabla ya kwenda shule.